Maji Yanayobaki Baada ya Mafuta

Chupa ilikuwa ndogo, ya kioo cha kijani, imesimama peke yake kwenye rafu ya juu, mbali na vumbi la mlangoni. Chini yake zilipangwa sabuni za mche, chumvi, viberiti, betri za tochi na dumu la mafuta ya kupikia yanayopimwa kwa kikombe. Nilikuwa Kabingo, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na sikutazamia kukuta mafuta ya zeituni katika duka la mbao kando ya barabara. Bei yake ilipita ya mkungu mzima wa matoke. Nikamuuliza mwenye duka nani huyanunua.

"Wachungaji wa Nakivale," akajibu. "Wanawapaka wagonjwa wakiwaombea."

Niliigeuza ile chupa mkononi. Yamekamuliwa Hispania, ndivyo kibandiko kilivyosema. Hakikusema, na hakuna kibandiko kinachosema, yale maji yaliyotoka pamoja na mafuta hayo yalikwenda wapi. Nami safari yangu yote ilikuwa ya kufuata maji ya namna hiyo: maji yanayobaki watu wakishakamua.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Maji ninayooga na kunywa ni ya Ziwa Viktoria, na vilima hivi vya Isingiro viko juu yetu. Mvua inayonyesha upande mmoja wa vilima hushukia Mto Kagera. Inayonyesha upande wa pili huelekea Rwizi na mlolongo wa maziwa madogo. Njia ni mbili, lakini mwisho ni ziwa lilelile. Kwa hiyo mtu wa Kabingo akimwaga ndoo yake mtaroni, ananimwagia mimi, hata kama hatanijua maisha yake yote.

Siku moja kabla ya hapo nilikuwa Mbarara. Wenyeji watakwambia jina la mji linatokana na emburara, nyasi ndefu zilizokuwa zimefunika vilima hivi ng'ombe wa pembe kubwa walipokuwa ndio wenye mji. Tangu Julai 1, 2020 Mbarara ni jiji, na nyasi zimeacha nafasi kwa maghorofa, gereji, maghala na viwanda. Hili ndilo bonde la maziwa la Uganda: kila asubuhi magari ya matangi hukusanya maziwa vijijini na kuyaleta kwenye viwanda vya kusindika. Kuna vinywaji vinavyotiwa chupa hapa, kuna machinjio, kuna sehemu za kuoshea magari zisizohesabika.

Katikati ya yote hayo unapita Mto Rwizi. Unaanzia vilima vya Buhweju, magharibi, unafika mjini, unawapa watu wa jiji maji ya bomba, kisha unaendelea mashariki hadi kwenye mabwawa ya asili na maziwa ya Nakivale, Mburo, Kachera na Kijanebalola, ndipo unapoishia Viktoria. Nilisimama darajani saa moja asubuhi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Vijana walikuwa tayari ndani ya mto hadi kiunoni, wakiteka mchanga. Ng'ambo, mmoja aliosha bodaboda yake, na utando wa mafuta ukatanuka juu ya maji kama mkeka wenye rangi nyingi, ukazunguka jiwe, ukaondoka.

Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni alinisalimia, "Agandi, sebo?" Nikamjibu kwa Kihaya changu, akacheka kwa kuwa tulielewana. Nikamuuliza mto ulikuwaje alipokuwa kijana. Hakunipa hadithi ndefu. Aliingiza fimbo yake majini, ikapotea machoni kabla maji hayajafika viganjani mwake. "Wakati ule ningekuonyesha ncha yake," akasema. Basi.

Kesho yake nilishika barabara ya Isingiro. Ukitoka Mbarara huachani na migomba. Inapanda kilima pamoja nawe na kushuka pamoja nawe. Malori yamesimama kando yakipakia mikungu ya kijani, na wanaume huihesabu kwa kuigonga kwa kiganja. Kabingo ni kituo cha biashara katikati ya migomba hiyo. Nilipolipa soda na kurudisha ile chupa mahali pake, nilisikia nyuma ya duka sauti ya miguu ikikanyaga kitu chenye maji. Nikaifahamu kabla sijaiona. Kwetu Bukoba ningesema wanatengeneza rubisi; hapa wanaiita tonto.

Mtumbwi wa gogo lililochongwa ulikuwa umelala kwenye kivuli. Ndani yake ndizi mbivu zilizomenywa zilichanganywa na nyasi kavu, na wanaume wawili, wakishikana mabega, walizikanyaga. Nyasi ndizo chujio: bila nyasi ndizi zinakuwa uji, zikiwapo juisi inatoka safi, ya rangi ya asali. Wakaniletea kibuyu. Juisi ilikuwa tamu hadi kuuma meno. Kesho, ikishatiwa mtama wa kukaangwa na kulala usiku, itakuwa pombe.

Nilikaa nao hadi walipomaliza, maana nilitaka kuona ule mwisho ambao watu huwa hawabaki kuutazama. Machicha, yaani nyasi na nyama ya ndizi iliyokamuliwa, wakayatupa lundo nyuma ya kibanda. Kisha ndoo ya maji ndani ya mtumbwi, wakasugua, wakapindua. Ndoo ya pili, ya tatu, ya nne. Maji yale ya kijivu, mazito, yakashika mtaro uliochimbwa na miguu na mvua ya miaka mingi, yakateremka bondeni. Mtaro ulikuwa na harufu ya siki, na chini yake ulitandwa na ute mweupe. Nyuki walikuwa wengi. Nikamuuliza mwenye mtumbwi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, huko chini kuna nini.

"Kisima cha ng'ombe," akasema. Akafikiri. "Na watoto huchota pia, mabomba yakikauka."

Hakusema kwa ubaya, wala mimi sikumlaumu. Juisi ya ndizi si sumu. Maji aliyomwaga hayakuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe hangelamba. Lakini hapo ndipo penye fumbo la maji ya kukamulia, na ndilo lililonitoa Bukoba.

Kitu kitamu, chenye sukari au mafuta, kikiingia majini, vijidudu visivyoonekana hukishambulia kama sisi tunavyokishambulia mezani. Vinakula, vinazaliana, na katika kula vinavuta hewa ya oksijeni iliyomo majini. Samaki wanahitaji hewa hiyohiyo. Chakula kikiwa kingi, hewa huisha, samaki huelea, na maji huanza kunuka. Ndiyo maana wahandisi hupima uchafu huu kwa kiu yake: lita moja ya maji haya itanyonya oksijeni kiasi gani? Kanuni za Uganda za mwaka 1999 kuhusu maji taka ziliweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita kabla kiwanda hakijaruhusiwa kuyaachia mtoni. Maji yanayotoka kwenye kiwanda cha kukamua mawese, yakiwa bado ya moto, huwa na kiu ya miligramu 25,000 hivi. Ni mara 500 ya mpaka huo. Na chanzo chake ni tunda ambalo mama zetu wanapikia sombe.

Kutoka Kabingo hadi Nakivale nilikwenda kwa bodaboda. Vumbi jekundu, kisha malisho, kisha ghafla mbele yetu ziwa, pana na la rangi ya bati. Makazi ya Nakivale yamekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipowasili Watutsi waliokimbia Rwanda. Baada yao walikuja wengine, na wengine, na leo wanaishi hapa watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na wengi hupewa kipande cha ardhi. Ndiyo maana Nakivale haifanani na kambi. Inafanana na wilaya iliyokusanya mataifa: hapa msikiti na chai ya Kisomali yenye iliki, pale wauza sambusa, kule kinyozi wa Kirundi, na kwenye mtaa wa Wakongo ngoma za kanisa zinazoanza kabla jua halijapanda. Kiswahili ndicho daraja letu sote. Kila mmoja alikuja na chake.

Mtaa wa Wakongo unautambua kwa pua. Harufu ya mafuta ya ngazi, kama watu wa Kivu wanavyoyaita mawese, hutangulia kuliko nyumba. Niliielekea hadi kwenye uwanja ambapo mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo alikuwa akikoroga pipa juu ya mafiga matatu. Mafuta yalikuwa mekundu kama udongo wa barabara.

"Karibu, papa. Ikala," akasema, akanisogezea kigoda.

Mama huyu anatoka Fizi, kwenye ufuko wa Tanganyika unaotazamana na Kigoma. Pande zote mbili za ziwa lile mchikichi ni kama mnazi ulivyo kwa mtu wa pwani: mafuta, sabuni, mvinyo, ufagio, paa. Mama alizaliwa akikuta nyumba yao inakamua. Hapa Nakivale mchikichi hauoti kwake. Ananunua mafuta yaliyokuja kwa madumu kutoka Kongo, yakiwa na tope na maji ndani yake. Anayachemsha upya na maji, tope linashuka, mafuta yanapanda, anayaengua. Yaliyo safi anayauza kwa kikombe. Yaliyobaki anayageuza sabuni kwa kutumia soda ya kostiki, vipande vya mviringo vya rangi ya njano anavyoviita kwa jina la binti yake.

Nilimsimulia ile chupa ya Kabingo. Akatabasamu. "Zeituni ni ya kanisa," akasema. "Haiko ya chungu. Ya chungu njo hii."

Kisha nikamuuliza swali langu: maji ya chini ya pipa anayapeleka wapi? Akaacha kukoroga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo amekuwa akilisubiri.

"Kule kwetu," akasema, "tulikuwa tunatokosha ngazi karibu na kijito. Siku ya kukamua, maji yote inaenda mu kijito. Tulikuwa watoto, tulipenda kuona rangi. Siku moja watu wa kijiji cha chini walikuja. Hawakukuja na kelele. Walikuja na samaki. Walikuwa wamezipanga juu ya majani ya mgomba, zote zimekufa, wakaziweka mbele ya baba yangu. Wakaondoka bila kusema neno. Baba hakula siku ile."

Baba yake alichimba shimo kesho yake. Na yeye, alipofika Nakivale na kuanza kuchemsha mafuta kando ya ziwa ambalo maelfu ya watu wanalinywa, alianza na shimo kabla ya mafiga.

Akanionyesha. Nyuma ya nyumba lipo pipa la plastiki lililokatwa juu. Maji ya chini ya mafuta humwagwa humo yakiwa yamepoa, yanakaa siku tatu. Mafuta mepesi hupanda na tope hushuka. Karibu na chini ya pipa kuna bomba lililopindwa kama kiwiko, ambalo huchukua maji ya katikati tu, utando ukibaki juu na tope likibaki chini. Utando ule anauengua na kuurudisha kwenye pipa la sabuni. "Hii ilikuwa inapotea," akasema, akinionyesha kikombe kilichojaa ute wa njano. "Sasa ni vipande viwili vya sabuni kila juma." Tope hulichanganya na majani makavu, kinyesi cha mbuzi na majivu, likaoza pamoja hadi liwe mbolea. Maji ya katikati hupita kwenye shimo lenye kokoto, mchanga na mkaa, na kutoka hapo huenda kwenye migomba.

Nikachungulia. Maji yaliyotoka mwisho hayakuwa safi. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Lakini hayakuwa na utando, na harufu yake ilikuwa ya udongo.

"Unayamwaga yote hapa?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Mwanzo aliyamwaga yote, akasema. Migomba ikafurahi miezi miwili. Kisha majani yakaanza kuungua pembeni, udongo ukawa mgumu juu kama sahani na maji ya mvua yakawa hayaingii. "Nikajua imeshiba," akasema. Tangu hapo juma moja maji yanakwenda kwenye migomba yake, juma linalofuata yanakwenda kwa jirani, mama wa Kirundi ambaye naye sasa ana ndizi za kuuza.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, nilichukua kalamu nikapiga hesabu, kwa sababu maneno ya "imeshiba" yalikuwa yananigonga kichwani. Italia ni nchi ya mizeituni, na sheria yake namba 574 ya mwaka 1996 inasema mkulima akitaka kumwaga maji ya zeituni shambani asizidishe mita za ujazo 50 kwa hekta kwa mwaka, ikiwa ni ya mashine za kienyeji za kukandamiza, na 80 ikiwa ni ya mashine za kisasa. Hizo 50 ni sawa na lita 5 kwa kila mita ya mraba. Shamba la mama ni mita 15 kwa 20. Kwa kipimo cha Italia lingestahili lita 1,500 kwa mwaka. Yeye hutoa madumu matatu ya lita 20 kila juma, yaani lita 3,120 kwa mwaka. Shamba lake moja halitoshi. Mashamba mawili karibu yanatosha kabisa. Wabunge wa Roma na mama wa Fizi hawajawahi kuonana, na maji yao si ya tunda moja. Wamefika mahali pamoja kwa kuwa wote wawili walisikiliza udongo.

Huko kwenye zeituni kuna mafunzo mengine. Maji yake ni meusi, machachu, yenye mafuta, na zaidi ya hapo yana ule uchungu wa zeituni bichi, unaolilinda tunda lisiliwe na wadudu. Uchungu huo huwaua hata vijidudu ambavyo vingekula uchafu na kuyasafisha maji. Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha kilimo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alishauri maji hayo yanyunyizwe kwenye sakafu ya kupuria nafaka ili majani yasiote na wadudu wasikae. Wapalestina huyaita zibar. Hispania ilipiga marufuku kuyamwaga mitoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakachimba mabwawa yapatayo 1,000 ili jua liyakaushe. Mabwawa yakanuka, yakavuja. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi wao wakaja na mashine zinazotenga mafuta karibu bila kuongeza maji. Mashine za zamani zilikuwa zikiacha takriban lita 1,000 za maji meusi kwa kila tani ya zeituni; hizi mpya zinaacha sehemu ndogo tu, pamoja na uji mzito unaokaushwa na kuchomwa au kuozeshwa.

Nimeiandika habari hiyo kwa sababu ya mpangilio wake. Kwanza walikataza. Kisha walihifadhi. Mwishowe wakajiuliza swali ambalo lingefaa kuwa la kwanza: kwa nini tunatumia maji mengi hivi? Maji safi kuliko yote ni yale ambayo hukuyachafua.

Nasi swali hilo tunalo mlangoni. Kisiwani Bugala, wilaya ya Kalangala, michikichi imelimwa kwa mashamba makubwa tangu miaka ya 2000, na kiwanda cha kukamua kipo hukohuko, ziwa limekizunguka. Kila tani moja ya mawese kiwandani, popote duniani, huacha takriban tani 3 za maji taka. Hesabu kiu yake: kilo 75 za oksijeni. Wahandisi wa Ulaya huhesabu gramu 60 kwa siku kwa mtu mmoja, kwa hiyo tani moja ya mafuta hudai hewa kama kijiji cha watu 1,250 kwa siku nzima. Dawa yake inajulikana: mabwawa yanayofuatana, la kwanza lenye kina na lisilo na hewa, la mwisho lenye kina kifupi na mwanga, maji yakipita polepole kwa wiki nyingi. Bwawa la kwanza likifunikwa, gesi yake hupikia au kuwasha umeme. Hayo yanahitaji ardhi, subira, na mtu anayekwenda kuyatazama hata siku ambayo mkaguzi haji.

Asubuhi nilikwenda ziwani. Ziwa Nakivale ni la kina kifupi. Upepo mdogo tu hulikoroga hadi chini. Pamoja na Mburo ni sehemu ya ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye thamani kwa dunia nzima. Wavuvi walikuwa wakirudi na ngege na kambare. Ukingoni mafunjo yalisimama kwa wingi, vichwa vyao vikitikisika, na ndani yake ndege wakipigiana kelele. Mafunjo hayo ni mtambo. Mizizi yake hushika tope na kulisha vijidudu. Kampala ilikwisha kupimiwa thamani ya kazi hiyo: uchambuzi wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba bwawa la mafunjo la Nakivubo lilikuwa likiufanyia mji usafi wenye thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Hakuna aliyelilipa mshahara. Na hapa Nakivale nilipoyatazama mafunjo niliona pia mapengo, mahali yalipofyekwa ili kupanda mahindi na maharage. Mwenye njaa hawezi kusubiri ndege.

Kando ya ziwa kuna mtambo wa maji. Fundi wa zamu alinipitisha kwa hatua zake: pampu inavuta, shabu inatiwa, uchafu unajishika vipande vipande na kuzama, mchanga unachuja, klorini inamalizia. Nikamuuliza nini humsumbua zaidi. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani. Maji yakiwa na vitu vingi vinavyooza, akasema, shabu inayotakiwa ni nyingi zaidi, na klorini huliwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu vya maradhi. "Mtu akimwaga kule, mimi natia dawa huku," akasema. "Lakini dawa inanunuliwa."

Nje, mstari wa madumu ya njano ulikuwa umeshatambaa hadi barabarani. Msichana wa miaka kumi hivi alikaa juu ya dumu lake akijisukia nywele kwa kidole. Nilimfikiria yule kijana wa Mbarara akiosha bodaboda, ule mkeka wa rangi ukizunguka jiwe na kuondoka. Huku ndiko uendako. Rwizi unapita kwanza kwa wenye viwanda, wenye magari, wenye jiji, na mwisho wake unakutana na watu ambao tayari walipoteza nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao. Haki ya maji huanzia juu. Wa chini hana cha kufanya ila kununua shabu.

Ndiyo maana lile pipa la mama lilinigusa kuliko mtambo wowote. Yeye ni wa chini kabisa katika mpangilio wa mto huu, na bado alitafuta aliye chini yake, akamkuta: ni yule msichana aliyekalia dumu. Akachimba shimo kwa ajili yake. Mkimbizi mwenye pipa lililokatwa na bomba lililopindwa ametimiza jambo ambalo watu wenye mashine na wahasibu huliahirisha kila mwaka. Nami sitaki tuishie kumsifu. Nataka tumfuate.

Nilipoondoka alinipa kipande cha sabuni, amekifunga kwa jani kavu la mgomba. Nikamshukuru kwa lugha yake, "Aksanti sana, mama," akanirekebisha jinsi ya kukishika, kisivunjike.

Niliporudi Kabingo mawingu ya Novemba yalikuwa yameshaweka giza. Miguu ilikuwa ikikanyaga tena nyuma ya duka. Nilikaa kwenye gogo, nikamsimulia mwenye mtumbwi habari za pipa: kiwiko, siku tatu, kokoto, mchanga, mkaa, juma kwa juma. Nikamwambia machicha yake yakiozeshwa ni mbolea, na yakiwa mabichi ng'ombe huyala. Hilo alilijua. Nikamwambia habari za samaki juu ya majani ya mgomba. Hilo hakulijua. Alinyamaza kitambo, akiutazama mtaro wake, na nyuki, na ule ute mweupe, na bonde. Matone ya kwanza yalianza kupiga bati.

Kisha akanyanyuka, akasimama kati ya mtumbwi na mtaro, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya kifua kama mtu anayekumbatia gogo.

"Hilo pipa lake," akasema, "upana wake ni hivi, au ni zaidi?"

Nikaisogeza mikono yake kidogo, ikakaribiana.